Maji ya Mwisho ya Mama

Makote, Jumatano. Leo tumeondoa matanga ya mama.

Mtungi mzima! Mama Mkubwa kaumwaga wote nyuma ya jiko wakati nafagia uani. "Maji yaliyolala na maiti hayanywewi, Mama Agnesi," akaniambia. Nikamjibu, "Sawa, mama." Mkubwa hajibiwi vingine, lakini moyoni nilikuwa natokota.

Maji haya tunayafuata bondeni. Unashuka alfajiri, unafika juu jua liko utosini. Na yale aliyachemsha mama mwenyewe, asubuhi ile ile aliyoanguka. Nilikuwa nampa mwanangu Agnesi kidogo kidogo.

Miaka yote ya uuguzi wake pale misheni mama aliwahimiza watu wachemshe maji. Leo wamejaa uani wanamsifu, "Ametuzalisha sote huyu," huku wanakunywa maji mabichi, yana tope. Na dada yake wa tumbo moja ndiye wa kwanza kuchota!

Basi nikashuka mwenyewe. Nikarudi, nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cheupe cha mama cha kazini, nikapoza. Nikajiona nimeweza.

Nikampa Agnesi kikombe. Tumbo lake linamsumbua tangu juzi, na kwa kweli naogopa. Mtoto akakishika tu, hakunywa. Bibi yake alikuwa haachi kuonja kwanza, ahakikishe yamepoa.

"Bibi kashayaonja?"

Nikaonja mimi, mbele yake, nikamrudishia. Akakipokea kwa mikono miwili, akageuka kuutazama mlango wa chumba cha bibi, akangoja.