Mubebaji wa Kasulo

Mama mupendwa,

Huku Kolwezi mvua haiachi. Leo nilienda Kasulo na hasira, kumuona Tata Mwape, ule muzee aliyeshuka mu shimo la kobalti na ndugu yangu Kabwe, akapanda peke yake. Akanipa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akauliza mi ninasoma nini.

Nikamwambia: ndani ya kila seli ya jani hili la sombe kuko kachumba, peroksisomu. Protini inayoenda humo iko na alama ku mukia. Mubebaji anaiona, anaipeleka. Protini inaingia nzima, mubebaji anarudi peke yake.

Akaacha kula. "Na huyo mubebaji, banamulaumu?"

Hasira ikaniishia, Mama. Mungu akupe usingizi. Tata Mwape akikupigia simu, mara hii umujibu.

Binti yako, Ngoie