Injini Niliyoitaja

Mpendwa Baba,

Assalaam aleikum. Natumaini mgongo umekuacha upumue kidogo, na kwamba mvua haijaigusa ile tumbaku uliyoanika. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya huku Alaska nimeizoea. Lililonishinda nakuandikia, maana kwa simu ningelia.

Sisi mafundi hupanda na ndege, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Ni kuukuu zilezile za injini mbili za pistoni, tunapeleka mafuta vijijini. Wiki iliyopita, asubuhi, tulikuwa ndiyo kwanza tumeacha ardhi, injini moja ikakata. Rubani akaniuliza, "Ipi?" Nikatazama geji za nguvu. Sindano ya kushoto ilikuwa inatetemeka, ya kulia imetulia. Nikasema kushoto.

Baba, ilikuwa ya kulia. Upepo ulikuwa bado unaizungusha propela yake, ndiyo maana geji ilionyesha uzima.

Rubani hakukimbilia kitufe kile kinachogeuza mapanga ya propela yasikamate upepo. Kwanza alirudisha nyuma kidogo leva ya mafuta ya kushoto. Ndege ikaanza kuzama, akaisukuma leva mbele tena upesi. Akavuta ya kulia: hakuna kilichobadilika. Hiyo ndiyo aliyoizima, tukarudi salama. Baadaye aliniambia fundi hutaja tu, kuhakikisha ni kazi ya rubani.

Tangu hapo, kila nikifuta vioo vya geji namwona marehemu Mjomba, rubani wako, kwenye kiti cha rubani, ananisubiri nijibu. Mchana kweupe, Baba. Naogopa kugeuka. Nakusikia na wewe hapo Koboko, ukimwambia kila mgeni: "Mimi naona geji, mimi nasema kushoto, yeye nabonyeza palepale. Mutu ya makosa iko mimi." Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipokuambia mbele ya watu kwamba ulimuua Mjomba ndege yenu ilipoanguka, ukatoka hai wewe. Naona aibu hadi leo. Nisamehe. Mjomba hakujaribu leva. Alikuamini tu.

Nisalimie Shangazi wa Onduparaka, asimalize koo kwa kushangilia mpira wake, na kaka Rajabu huko mpakani Oraba kwenye malori.

Nakuomba jambo moja. Barua hii umsomee Mama, yote. Itamuuma, kwa sababu Mjomba ni kaka yake na hayupo ajitetee. Lakini miaka yote hii anakupakulia chakula bila kukutazama usoni, na wewe unakula.

Mwanao,
Yusufu