Kikombe cha Mkwe

"Kaka, hiki kikombe umekinywa njiani?"

Joyce, ndivyo nilivyomuuliza mhudumu. Mbele ya mkwe!

Ni ule mgahawa mpya wa Kitaliano pale mjini. Brenda wangu ndiye aliyetaka tukutane huko na mkwe, mama wa mchumba wake Sifaeli, aone mwanawe anaoa kwa watu wastaarabu.

Mkwe kaletewa kahawa kwenye kitu kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Na hakijajaa! Kwetu Tengeru ukimpa mgeni nusu kikombe, si umemfukuza?

"Ongeza mpaka kijae," nikasema.

"Mama, ndivyo inavyonywewa," mhudumu akajibu.

"Na nani? Kuku?"

Brenda ananikanyaga chini ya meza. "Mama, unaniharibia!"

Mkwe kakikazia macho kikombe. KAKIKAZIA, Joyce. Nikajua harusi imekwisha.

Halafu akachungulia ndani ya kile kikombe, akasema taratibu, "Kumbe ndiyo yenyewe? Nilidhani tunaonjeshwa kwanza."

Nilicheka mpaka wazungu wakageuka. Nikamshika mkono: "Mkwe, inuka, twende nyumbani."

Sasa hivi niko jikoni, chai ya maziwa inachemka. Brenda amenuna sebuleni. Mkwe amevua viatu, anamenya ndizi.