Mashine Yako Haikuharibika, Paskali

Paskali, ndugu yangu,

Nimekaa muda mrefu nikitafuta namna ya kuanza. Kukuuliza hali siwezi. Kukuambia kwamba sisi huku hatujambo ni uongo, na uongo kwa sasa nimeupumzisha kidogo, utaona kwa nini.

Ni mimi, Boay, muuza misumari na mabati wa Dongobesh, yule uliyembatiza jina la Masikio ya Bati kwa sababu ulisema kwangu muziki unagonga juu tu na kutiririka chini. Nilikuwa nalikasirikia hilo jina. Siku hizi nalivaa kama kofia yangu.

Tangu tukuzike pale Mogitu sikukanyaga Katesh hadi juzi. Salamu za mkeo, shemeji Marselina, nilikuwa nampa Joeli dereva azipeleke na fuso lake, kama mtu aliyevunjika mguu. Mguu mzima kabisa. Uso ndio sikuwa nao.

Unakumbuka tulivyoanza? Mzungu mmoja aliyekuja kupanda mlima alikuachia kile kidude chake cha kuchezea muziki ukitengeneze, akashukia upande mwingine na hakurudi tena. Ukakitengeneza, ukakiwasha kukijaribu, na ukakuta magitaa matupu. Hakuna anayeimba. Wimbo unaanza kama mtu anayetafuta funguo gizani, unakwenda, unakwenda, na wewe unasubiri aimbe wala haimbi. Ukanipigia simu ukaniambia nifunge duka nije. Nilikuja nikidhani umepata mgonjwa. Baadaye Mwalimu Resti wa Babati akatueleza kwamba muziki huo unaitwa posti-roki na kwamba wako watu duniani kote wanaougombania. Tukaona na sisi tugombane. Tukawa wanne kwenye kundi la wasapu, wewe, mimi, Mwalimu na Joeli, na kundi ukaliita Bila Maneno. Lilikuwa na maneno kuliko baraza la kata.

Majina ya Kizungu yalitushinda ndimi, basi kila wimbo tukaupa jina la kwetu. Kulikuwa na Mteremko wa Dareda, aliouleta Joeli, ambao alisema lazima usikilizwe ukiwa na mzigo na breki unazozitilia shaka. Kulikuwa na Bati la Shule, wa Mwalimu, wenye ngoma kama mvua ya mawe. Na kulikuwa na wako, Balangida. Ulisema unaanza mweupe na bapa kama lile ziwa wakati wa kiangazi, chumvi tupu hadi mwisho wa macho. Uliutuma pamoja na sauti yako, ukikohoa kidogo kwa ule moshi wa kulehemu: "Sikilizeni hadi mwisho. Masikio ya Bati, nakusema wewe. Hadi mwisho."

Nilisikiliza. Nilisikiliza kipande, akaja mteja wa kofia za bati, zile za kufunika mgongo wa paa, nikazima. Siku nyingine nikaanza tena, nikasinzia. Kusema ukweli, Paskali, ziwa lako lilinichosha. Lakini kwenye kundi nikaandika kama mtaalamu: "Wimbo umetulia kama ziwa lenyewe, mwanzo hadi mwisho. Nampendekezea kila mtu." Mwalimu hakujibu. Joeli hakujibu. Wewe uliandika "Haya."

Hiyo "haya" yako ningeisoma vizuri, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Kisha ukaja ubishi wa kikohozi. Mlibishana siku nzima, Mwalimu akisema kikohozi ni sauti ya mtu kwa hiyo wimbo hauna haki ya kukaa kwenye kundi letu, wewe ukisema kukohoa ni kupumua tu, Joeli akiwa upande wako. Mkasema kura yangu ndiyo iliyobaki. Mimi nikadhani Joeli anaumwa kifua. Nikaandika achemshe tangawizi na asiendeshe na dirisha wazi. Mlicheka ninyi, mkanitumia vile vikaragosi vya machozi, na mimi nikajiona nina utani mkali. Nilimwonyesha hata mke wangu.

Sasa nije kwenye mazishi, maana hapo hukuwepo. Yaani ulikuwepo, lakini hukuwa mtu wa kuzuia kitu.

Shemeji aliniita pembeni akaniomba nikupigie wimbo wako, ule uliokuwa unaupiga ukifanya kazi, kwa mashine yako mwenyewe. Nikamwendea katekista kumwomba ruhusa. Akauliza ni muziki wa namna gani. Nikamwambia ni magitaa ya polepole, hauna kelele hata kidogo, ni kama sala. Nilimhakikishia. Mtu mzima, mwenye mvi, nikiwa nimeshika kofia mkononi, nikamhakikishia.

Basi kaburi lilipofunikwa na maua kuwekwa, nikawasha. Amplifaya yako ile uliyoiunda kwa vipande vya redio zilizokufa, na zile spika zako mbili ndefu. Balangida ikaanza, taratibu, kama unavyojua. Wazee waliokaa nyuma karibu na zizi wakaonyesha kwa mikono kwamba hawasikii kitu. Nikaongeza sauti. Bado. Nikaongeza tena, hadi kitufe kikagoma. Kina mama wakainamisha vichwa, katekista akafumba macho, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujisikia fahari.

Ndipo ziwa likapasuka.

Hukuniambia, Paskali. Yaani uliniambia, sikukaa nikusikie. Ngoma zikaingia zote kwa pamoja na magitaa yakanguruma, mashine yako ikayatoa yote bila kuficha hata tone. Punda waliokuwa wanaleta maji walitupa madumu wakarudi walikotoka. Mzee mmoja wa Kibarabaig alisimama na fimbo yake, tayari kabisa, ila hakumwona wa kumpiga. Mwanakwaya mmoja alikaa chini kwenye udongo mbichi. Nikachomoa waya.

Ng'ombe peke yao ndio walioendelea kusema. Katekista akanigeukia, hakupandisha sauti, akasema tu, "Boay, ulisema ni kama sala."

Na mimi, mbele ya kaburi lako, nikajibu kwa sauti iliyofika hadi zizini: "Mashine yake imeharibika."

Yako. Mashine yako. Mtu aliyekuwa anaamshwa usingizini akatengeneze redio za watu, nikasema mashine yake imeharibika siku ya kumzika, kwa sababu nilikuwa siwezi kusema maneno rahisi kama "sikuwahi kuusikiliza wimbo huu". Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Waliponishika mkono kunipa pole, niliipokea.

Nilidhani yameishia hapo. Halafu Joeli akasimamisha fuso mbele ya duka langu, hakushuka, akaniambia kwamba harusi ya kule Mogitu iliyokuwa imekodi spika kwa shemeji imekwenda kuchukua za Babati. Na kwaya pia wanatafuta pengine. "Wanasema mashine ya marehemu ilimlilia mwenyewe," akasema. "Wanaiogopa." Akaniangalia kidogo, akawasha gari. Unajua hizo spika ndizo zilizokuwa zinamwendeshea shemeji nyumba tangu kifua kilipokuzuia kufanya kazi. Siku ile nilipima misumari vibaya kutwa nzima.

Jioni nikampigia Mwalimu Resti, nikidhani atanipa namna ya kujitetea, yeye ni mtu wa vitabu. Hakunipa. Akasema, "Mimi na Joeli tulijua palepale kwamba mashine haina kosa. Na Paskali alijua zamani kwamba hujawahi kufika mwisho wa ule wimbo. Alitukataza kukusema. Alisema, 'Mwacheni, atafika mwenyewe.'"

Niliaga haraka, nikajifanya mtandao unasumbua. Uongo mwingine, ndio. Ndio huo wa mwisho.

Juzi nikaenda. Shemeji nilimkuta anachambua maharage mbele ya kibanda chako cha kazi. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kuanzia mteja wa kofia za bati. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo hakuna kilichoharibika?" Nikasema hakuna. "Mimi nilijua," akasema. "Ile mashine nimelala nayo chumba kimoja miaka mingi, naijua kuliko wewe. Kawaambie wao."

Nikasema nitawaambia. Nikadhani nimemaliza, nikaanza kunyanyuka. Ndipo akauliza, "Na huo wimbo unaishaje?"

Paskali, sikuwa najua. Nilikuwa nimekuja kutubu kutoka Dongobesh hadi Katesh, na wimbo wenyewe bado sikuwa nimeusikiliza. Aliona usoni kwangu. Akaweka ungo chini, akafungua mlango wa kibanda, akasema, "Washa."

Tukaketi, mimi kwenye kigoda chako, yeye kwenye lile gamba la betri ya lori. Mashine ikawaka mara moja, taa yake ya kijani ile, kama haijawahi kusingiziwa. Ziwa likaja. Safari hii nililiona, ndugu yangu; nikaona hata kwamba kwa chini kabisa kuna kitu kinasogea tangu mwanzo, na kwamba mtu mwenye masikio angejua kitakachotokea. Likapasuka. Makopo ya skrubu yalitetemeka kwenye rafu, na shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha kelele zikaondoka moja moja, kama watu wanaotoka msibani, hadi likabaki gitaa moja. Nalo likanyamaza. Nikanyoosha mkono kuzima. Shemeji akanizuia.

Na hapo ndani ya ule ukimya, mtu akakohoa.

Kidogo tu. Sisi wawili tuligeuka tukaangalia mlangoni. Yeye alifuta macho kwa kona ya kitenge, mimi nikajifanya nakagua waya, ule ule niliouchomoa mazishini.

Haya, nimefika. Nimechelewa, najua.

Nimeongea na katekista. Jumapili hii baada ya ibada, pale kigangoni Mogitu, ataniachia nafasi. Amenipa sharti moja: niseme kwanza, ndipo nipige. Nitasema mbele ya wazee wa zizini, kwaya, na wale wa harusi, kwamba kilichokuwa kibovu siku ile ni mimi. Wenye punda nimeshawaomba wawafunge mbali. Halafu nitapiga Balangida kwa mashine yako, na nakuahidi, hakuna mkono utakaogusa waya hadi yule mtu akohoe. Baada ya hapo nitaanza kuzisikiliza zile nyimbo zako nyingine zote nilizozisifia. Ni nyingi, Paskali. Nilikuwa nasifia sana.

Kuhusu kura yangu, ambayo mliisubiri nikawapa tangawizi. Utanisamehe, nakwenda upande wa Mwalimu. Ulisema kukohoa ni kupumua tu. Hapana, kaka. Tulipokisikia kikohozi kile tuligeuka kukutafuta. Ni sauti. Ni mtu.

Lala vizuri, fundi.

Wako,
Boay, Masikio ya Bati