Bao la Ng'ombe

Mwalimu wangu,

Beji imefika. Ilikuja wiki tatu baada ya kukuzika, na mtu wa kwanza niliyemwonyesha alikuwa mkeo, Mama Mwende. Aliishika, akaipangusa kwa leso ingawa ilikuwa safi, kisha akasema, "Huyu mzee angetusumbua mwezi mzima." Tukacheka. Halafu tukalia, maana ungetusumbua kweli.

Basi sasa mimi ni refa wa kimataifa. Yule msichana wa Kitengela uliyemkimbiza kila alfajiri kwenye vumbi nyuma ya shule, wewe umekalia mtungi wa maji na saa mkononi, magoti yakikuuma kuliko yangu. Beji hii uliistahili wewe. Umri ulikupita ukifundisha wengine, na hilo bado linaniuma.

Unakumbuka mechi yangu ya kwanza, pale Kisaju? Ng'ombe walikuwa wakikatiza uwanjani kama kawaida yao, na kwa kuwa wachezaji wamezoea kuwazunguka, sikusimamisha mchezo. Mpira ukagonga ubavu wa dume mmoja, ukageuka, ukaingia golini. Nami nikaonyesha katikati: bao! Watu walishangilia hadi nikajiona nimepatia. Hukunigombeza hata kidogo. Jumapili, tulipotoka kanisani, ulinipeleka tu nyumbani kwa yule kipa nimwombe msamaha. Baba yake, ambaye ndiye mwenye ng'ombe, alipokea salamu yetu ya Kimaasai, "Sopa", vizuri kabisa, kisha akaniangalia. "Sasa wewe, hata hiyo ng'ombe yangu inajua hiyo haikuwa goli." Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka njia nzima, na karibu na barabara ndipo ukasema, "Refa akikosea, anajua yeye kwanza. Usingoje wengine wajue."

Mwezi uliopita nilivuka mpaka wa Namanga kwenda kuchezesha mechi yangu ya kwanza ya kimataifa. Wasichana wa timu mbili za taifa, uwanja umejaa, na mzee wa kutathmini marefa ameketi jukwaani na kalamu yake. Dakika za mwisho, bila kwa bila, wageni wakapiga pasi, mpira ukanigusa kisigino. Kidogo tu, Mwalimu, kama kuku anavyokupitia mguuni. Ukamwangukia mshambuliaji wa nyumbani, akafunga kabla filimbi haijafika mdomoni. Hakuna aliyeona. Sheria unaijua: mpira ukimgusa refa ukaenda kwa timu nyingine, mchezo husimama. Lakini uwanja mzima ulikuwa unaruka. Ningenyamaza, ningerudi nyumbani nikisifiwa.

Kumbe siku hiyo ng'ombe nilikuwa mimi.

Nikapuliza. Nikalikataa bao. Nilizomewa mpaka masikio yakaziba, Mwalimu. Yule mzee aliniambia hakuona kitu chochote. Nikaandika kwenye ripoti, "Mpira ulinigusa," nikatia sahihi.

Tangu hapo sijapangiwa mechi nyingine. Wenzangu wanasema nimejipalia makaa. Huenda. Beji hii hupitiwa upya kila mwaka na wanaoitamani ni wengi, kwa hivyo kila simu ikilia naikimbilia. Naogopa kuipoteza, hasa kwa sababu yako. Lakini usingizi ninaupata.

Jumamosi hii kuna mechi ya shule, pale pale Kisaju. Wameniomba nichezeshe na nimekubali. Safari hii nitasimamisha mchezo mpaka mkia wa mwisho uvuke, hata wakinung'unika. Mama Mwende amesema atakuja, na amenionya kwamba atakaa karibu na laini anizomee kwa niaba yako.

Pumzika sasa, mzee wangu. Wakiniita tena au wasiponiita, nakuahidi nitachezesha vile ulivyonifunza. Na siku mpira ukinigusa nikanyamaza, puliza wewe. Filimbi yako Mama Mwende aliitia kwenye mfuko wa koti lako kabla jeneza halijafungwa. Nilimwona.

Mwanafunzi wako,
Wambui