Waliona Gari Tu

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Sijawahi kumwambia mtu: nataka kuwa mwanasheria. Mimi, ambaye nikiombwa kuongoza sala kanisani nabanwa na machozi. Kila nikitoka shule napita maktaba ya mtaa wetu, hapa Black Rock, nafanya maswali ya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Leo nimekosa tena. Unapewa habari fupi, unachagua jibu ambalo habari hiyo inaweza kulibeba. Mimi nachagua ninaloliamini. Kosa. Jibu sahihi huwa dogo: "angalau mmoja", "huenda". Linakera.

Jumatano, 7 Oktoba

Balaa. Mama Sifa wa kwaya amemwona dada yangu Neema kule Kenmore, akishuka kwenye gari la mwanaume. Kiti cha mbele. Kwa watu wetu hiyo inatosha. Baba amempigia simu baba mkubwa, anayeishi Columbus. Jumamosi anakuja, wamdai yule mwanaume ng'ombe wa mahari. Donc, yaani Neema ameshaolewa, kwa kushuka kwenye gari. Yeye anasema ni mfanyakazi mwenzake, anawabeba wanne, wanachangia mafuta. Mbele anakaa kwa sababu nyuma anatapika. Hakuna anayesikiliza. Ameambiwa aache kazi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Hasira. Gari, kiti, mwanaume. Nimetafuta ndoa humo. Haimo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Baba mkubwa amefika, na mjomba kutoka Louisville. Wali, sombe ya majani ya muhogo, soda. Wazee wakipanga ng'ombe, msichana anapeleka sahani na kurudi jikoni. Sikurudi.

"Muliona gari. Ndoa hamukuiona."

Baba mkubwa akacheka, akauliza tangu lini nyumba hii ina hakimu. Kisha akaacha kucheka.

"Bon, sawa. Unaapa hakuna kitu kati yao?"

Neema ananiangalia. Ndiyo moja tu ingetosha. Namwamini. Lakini kuamini si kujua.

"Siapi, baba mkubwa. Hata hilo silijui. Na nyinyi hamulijui."

Neema ametoka akilia. Baba ameniamuru niombe msamaha. Nimekataa. Ameamuru tena. Nimekataa tena.

Simu ya kumwita yule mwanaume haikupigwa.

Jumapili, 11 Oktoba

Wageni wameondoka baada ya ibada. Ng'ombe hawakutajwa. Neema amepiga pasi nguo zake za kazi, baba akimtazama, asimzuie. Mezani Neema amenisukumia nusu ya andazi lake. Hajanisemesha bado.

Ngazi zinalia. Ni miguu ya baba. Mkono wangu umeshafunika ukurasa huu.

Nauondoa mkono. Akitaka, asome.