Picha ya Mama Imevuka

Dada Zaina, hamjambo hapo Handeni? Huku Korogwe jua linachoma!

Leo, nikiwa dukani kwa Mama Hoza, nimeihamisha ile picha ya marehemu mama uliyoichora kwa simu, itoke blokcheini yetu, lile daftari la mtandaoni tunakoitunza, iende blokcheini nyingine yenye maonyesho ya picha. Ghafla haionekani huku wala kule! Machozi yakanilenga.

"We Mzigua, umefiwa?" Mama Hoza akanitania, Msambaa yule.

Nikamweleza: huku inafungiwa, kule inatolewa nakala yake.

"Kumbe kama soda zangu! Acha chupa ndo uondoke na chupa."

Baadaye kidogo nakala ikatokea kule kwenye maonyesho, mama anacheka! Yako ya asili imefungiwa salama huku kwetu, dada. Ukimtaka nyumbani sema tu, narudisha nakala, anafunguliwa.

Usilie peke yako.
Mdogo wako, Saidi